Kuhamisha bomba la choo kabla ya kuongeza chumba nyuma ya nyumba

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zilizojengwa kidogo kidogo zinafanana: mbele kuna baraza na geti, nyuma kuna choo, chemba mbili tatu na septiki iliyobanwa karibu na uzio. Familia ikikua, nafasi pekee iliyobaki ya kuongeza chumba au jiko ni huko huko nyuma, juu ya bomba la maji machafu. Fundi mwashi akifika atakagua, atagonga mfuniko wa chemba kwa kiatu, kisha aseme, "Bosi, hii tunaimwagia jamvi juu tu, bomba libaki lilivyo."

Usikubali. Msingi mpya ukitulia ardhini unaweza kulikalia bomba na kulipasua, na siku litakapoziba utavunja vigae vya chumba ulichohamia juzi ili kulifikia. Chemba iliyofunikwa ndani ya chumba hutoa harufu hata ukiizibaje, na mende huijua njia yake.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya chini yenye bomba la inchi 4 (milimita 110) linalokwenda kwenye septiki na shimo la kufyonza, kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya jiji. Kazi yote ifanyike kabla ya mtaro wa msingi kuchimbwa. Fundi bomba akiitwa wakati kuta zimefika kwenye lenta, atapitisha bomba pale alipoachiwa nafasi, si pale panapofaa.

Kwanza, makaratasi na majirani

Kuongeza chumba kunahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, na ramani unayopeleka ionyeshe mahali pa septiki, shimo na chemba baada ya kuhamishwa, si zilipokuwa zamani. Kama nyumba yako imeungwa kwenye mtandao wa majitaka wa DAWASA, au wa mamlaka ya maji ya mji wako, usiguse chemba yao. Peleka maombi, waje wenyewe waoneshe pa kuunganisha. Na kama bomba lako linapokea pia maji ya jirani, jambo la kawaida kwenye viwanja vilivyogawanywa na ndugu, kaa naye mzungumze kabla ya kuchimba. Atakuwa bila choo kwa saa kadhaa siku ya kuunganisha, na akishtukizwa, ugomvi wake utadumu kuliko bomba.

Chagua majira. Juni hadi Septemba mtaro unakaa mkavu. Wakati wa masika unachimba asubuhi, jioni ni bwawa, na udongo uliolowa hauwezi kushindiliwa vizuri.

Fukua ujue ulichonacho

Usiamini kumbukumbu ya mtu. Fungua mifuniko yote ya chemba, mwombe mtu amwage ndoo ya maji kwenye kila choo, bafu na sinki kwa zamu, nawe uangalie maji yanatokea chemba ipi. Mara nyingi utagundua sinki la jikoni lina bomba lake linaloishia kwenye kishimo cha pembeni, au kwamba kuna mtu aliunga maji ya paa humo humo. Maji ya mvua hayana ruhusa kuingia kwenye septiki: hufurika na kusukuma tope hadi kwenye shimo la kufyonza, nalo likishashiba tope halifyonzi tena. Hapa ndipo pa kuyatenganisha.

Fukua pia sehemu mbili tatu za bomba lenyewe kwa mkono, si kwa sululu. Angalia ni PVC au ni la saruji la zamani, na kama ni PVC, ukuta wake ni mnene kiasi gani. Bomba la saruji lililopasuka njia nzima usiliunganishe na jipya. Libadilishe lote toka ukuta wa choo.

Unapofungua septiki, simama upande unaotoka upepo, usiinamie tundu, usivute sigara wala kuwasha moto. Gesi zinazokaa humo, methani na haidrojeni salfaidi, zinaweza kulipuka au kumwangusha mtu kwa pumzi chache. Hakuna mtu kuingia ndani, hata kwa "dakika moja tu kuokota simu". Wengi waliokufa kwenye mashimo haya ni wale waliomfuata wa kwanza ili kumwokoa.

Mteremko: hesabu inayoamua kila kitu

Watu huanza kwa kuchora njia wanayoipenda, wakaja kushangaa maji hayatembei. Anza upande wa pili, kwenye septiki. Mahali bomba linapoingilia septiki hapashuki: maji ndani ya septiki yana kimo chake, kinachoamuliwa na tundu la kutokea kuelekea shimo la kufyonza, na bomba la kuingilia lazima liwe juu ya kimo hicho, kwa kawaida sentimita 5 hadi 8. Ukilishusha zaidi ili upate mteremko, maji ya septiki yatarudi ndani ya bomba na kinyesi kitasimama humo.

Kwa hiyo una ncha mbili zilizofungwa: juu, bomba linapotoka kwenye ukuta wa choo, chini, linapoingia kwenye septiki. Kazi ni kujua tofauti ya kimo kati ya ncha hizo, kisha kuigawa kwa urefu wa njia mpya.

Pigilia vigingi viwili, kimoja kila ncha. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji, ondoa mapovu yote, na utumie maji yake kuweka alama za kimo kilekile kwenye vigingi vyote viwili. Povu moja tu kwenye mpira linakudanganya sentimita kadhaa. Funga kamba kwenye alama hizo, kisha pima kutoka kwenye kamba kushuka hadi chini ya bomba kwa ndani, pale maji yanapopita. Tuseme upande wa choo umepata sentimita 40, na upande wa septiki 70. Una sentimita 30 za kutumia, basi.

Bomba la inchi 4 la nyumba hulazwa kwa mteremko wa kati ya 1 kwa 40 na 1 kwa 60, yaani kila mita ishuke kati ya sentimita 2.5 na 1.7. Kama njia ya kuzunguka chumba kipya ina mita 14, sentimita 30 ukigawa kwa 14 unapata kama 2.1 kwa mita: unaendelea na kazi. Kama umechora njia ya mita 20 kwa sababu unataka kuzunguka na mwembe, unapata 1.5, na hapo unatafuta matatizo. Kumbuka pia kila chemba hula kidogo. Mifereji yake ya ndani nayo lazima ishuke.

Fundi atakwambia, "Mteremko upo, bosi, maji yatatafuta njia." Mjibu kwa upole, "Fundi, nioneshe kwa kamba." Kwenye mambo yote ya ujenzi ningeweza kuvumilia ubishi wa fundi, ila si hapa, kwa kuwa kosa la sentimita 10 halionekani kwa macho na haliponi likishafukiwa.

Mteremko ukikosekana, una njia chache. Fupisha njia kwa kukata kona kwa elbo za digrii 45 badala ya kuzunguka mraba. Toa bomba la choo upande mwingine wa ukuta, hata kama itabidi kugeuza sinki la choo ndani. Punguza ukubwa wa chumba kwa nusu mita. Wenye nyumba hawapendi kusikia hili, lakini ndilo la bei nafuu kuliko yote. Mwisho kabisa ni kujenga septiki mpya mahali pengine, na kama iliyopo iko ndani ya eneo la chumba kipya, huna ujanja, ndiyo njia yenyewe. Usijenge juu ya septiki.

Ukiwa na tofauti kubwa mno, kwa mfano kiwanja cha mlimani kama vile vya Kimara au Goba, usilaze bomba lote kwa mteremko mkali. Maji yataingia kwa kishindo na kutibua tope la septiki. Laza kwa mteremko wa kawaida, kisha uangushe kimo kwenye chemba moja yenye bomba la kusimama.

Chora njia mpya

Njia ikae angalau mita 1 kutoka ukingo wa msingi mpya. Ikibidi kusogea karibu zaidi, na mtaro wa bomba ukawa na kina kuliko msingi, basi ukishalaza bomba jaza zege mtaro huo hadi kimo cha chini ya msingi, la sivyo udongo ulioshikilia msingi utamwagikia mtaroni.

Kila bomba linapogeuka, weka chemba. Kila mabomba mawili yanapokutana, chemba. Elbo ya digrii 90 iliyozikwa ardhini bila chemba ni mahali pa kuziba, na waya wa kuzibulia haupiti.

Angalia pia unaingia septiki upande gani. Bomba liingie chumba cha kwanza cha septiki, mbali na tundu la kutokea. Nimeona nyumba ambamo bomba lililohamishwa liliingizwa kwenye chumba cha pili kwa sababu kilikuwa karibu. Kinyesi kibichi kinakwenda moja kwa moja kwenye shimo la kufyonza, na shimo linajaa kabla ya muda wake.

Halafu simama getini ujiulize: gari la kunyonya majitaka likija, mpira wake utapita wapi? Chumba kipya mara nyingi huziba uchochoro wa pekee wa kufika nyuma. Acha njia, au weka bomba la kunyonyea linalotokea upande wa gari.

Je, bomba linaweza kupita chini ya chumba kipya? Linaweza, kama hakuna nafasi kabisa. Lipite kwa mstari ulionyooka, pasiwe na kiungo wala chemba chini ya sakafu, uwe na chemba nje kila upande, na lizungushiwe zege lisilopungua sentimita 10. Linapopenya ukuta wa msingi, acha tundu lenye nafasi ya sentimita 5 kuzunguka bomba, weka lenta ndogo juu yake, na ujaze nafasi hiyo kwa kitu laini, si saruji. Ukuta utatulia kwa milimita chache, na bomba lililokabwa na saruji litakatika.

Vifaa

Nunua bomba zito la inchi 4, lile ambalo ukilikanyaga halibonyei. Yapo mabomba mepesi yanayofaa kushusha maji ya paa, na muuzaji hatakukataza kuyazika. Mara nyingi huuzwa kwa urefu wa mita 6. Ongeza elbo za digrii 45, tii ya septiki (kiungo chenye umbo la T), soketi, gundi ya PVC ya kopo jipya (iliyoanza kuganda haishiki), gali trapu (mtego wa maji unaozuia harufu isirudi) kwa maji ya bafu na jiko, mchanga safi, tofali, saruji na mifuniko ya chemba. Kama jiko linahama pia, jenga chemba ya mafuta kabla maji yake hayajaungana na mengine. Mafuta ya kukaangia yakipoa ndani ya bomba huganda, na hayo ndiyo huziba kuliko karatasi.

Kuchimba na kulaza

Upana wa sentimita 40 hadi 45 unatosha mtu kufanya kazi. Udongo wa kichanga wa pwani huporomoka hovyo. Ukifika kina cha zaidi ya mita 1.2, weka mbao za kuzuia kingo au chimba kwa kupanua juu, na udongo uliotolewa uwe mbali na ukingo. Kwenye maeneo yenye mawe ya matumbawe, kama sehemu za Unguja na Mombasa, tatizo ni kinyume: mtaro haubomoki lakini sakafu yake ina meno. Humo usipunguze mchanga.

Sakafu ya mtaro iwe na mchanga wa sentimita 10 uliosawazishwa kwa mteremko. Chombo kizuri unajitengenezea: ubao wa mita 1 ulionyooka, kipande cha mbao cha unene wa sentimita 2 kimepigiliwa chini ya ncha moja, na pima maji, kile kipimo chenye kiputo, juu yake. Ncha yenye kipande ielekezwe chini ya mteremko. Kiputo kikikaa katikati, mteremko ni sentimita 2 kwa mita. Kwa mfano wetu wa 2.1, hicho kinatosha. Pitisha ubao kila mita, usikisie.

Anza kulaza upande wa septiki kupanda kuelekea choo, mdomo wa soketi ukitazama kule maji yanakotoka. Chimba kishimo kidogo chini ya kila soketi ili bomba lilalie mwili wake wote, lisining'inie kwenye viungo.

Kata bomba bila mshazari, ondoa vinyuzi kwa kisu au tupa, futa vumbi, weka alama ya penseli mahali soketi inapaswa kufikia. Paka gundi pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha robo, shikilia kama nusu dakika. Usifanye hivi mchana wa jua kali bomba likiwa limelala juani. Hurefuka, kisha usiku likipoa linavuta viungo. Lifunike, fanya asubuhi.

Chemba

Kwa kina cha hadi mita 1 hivi, chemba ya ndani ya sentimita 45 kwa 60 inatosha mkono na waya wa kuzibulia. Mimina zege chini, pandisha tofali, piga plasta laini ndani. Sehemu inayofanyiwa uzembe ni sakafu yake. Isiwe beseni tambarare ambamo kinyesi hukaa. Tengeneza mfereji wa nusu duara unaounganisha bomba la kuingia na la kutoka kwa mkunjo wa taratibu, na pembeni mwa mfereji zege lipande kwa mwinamo ili kila kinachotapakaa kirudi mferejini. Bomba la pembeni liingie kwa kufuata mwendo wa maji, si kwa kupambana nayo.

Mfuniko ukae juu ya usawa wa ardhi kwa sentimita chache ili maji ya mvua yasiingie.

Jaribu kabla ya kufukia

Ziba ncha ya chini kwa mfuko wa nailoni uliojazwa mchanga, uliofungwa kamba imara ili usipotelee kwenye septiki. Ncha ya juu weka elbo na kipande cha bomba la kusimama, jaza maji. Fanya hivi kabla ya kujenga kuta za chemba, maana plasta mpya nayo hunywa maji na itakuchanganya. Acha saa moja, ongeza yaliyopungua, weka alama, subiri nusu saa. Yakishuka waziwazi, tembea kwenye mtaro ukitafuta unyevu kwenye viungo.

Kisha toa maji, mulika tochi ncha moja na uangalie kutoka ncha nyingine kwa kioo kidogo. Ukiona duara kamili, bomba limenyooka. Ukiona yai au nusu mwezi, kuna mahali limebonyea. Piga picha mtaro ukiwa wazi, tepu ikiwa imelazwa kando ya bomba na ukuta uonekane.

Fukia kwa mchanga au udongo usio na mawe hadi sentimita 10 juu ya bomba, shindilia pembeni kwa mguu, kisha udongo wa kawaida kwa tabaka. Gari likipita juu na kina hakifiki sentimita 60, weka bamba la zege juu ya mchanga, lisiguse bomba.

Siku ya kuhamia

Hadi hapa nyumba bado inatumia bomba la zamani, na ndivyo inavyotakiwa. Njia mpya ikamilike yote, saruji ya chemba ikae siku chache, ndipo ukate. Chagua siku ambayo wengi hawapo nyumbani. Watu waamke, watumie choo, kisha funga maji ya flashi. Mwaga ndoo kadhaa za maji safi kusukuma kilichobaki, kata bomba karibu na ukuta wa choo, unganisha na jipya. Upande wa septiki, tundu la zamani lizibwe kwa tofali na saruji pande zote mbili, na jipya liwekewe tii inayoshusha maji chini ya utando unaoelea. Mtu anayefanya kazi hii avae glovu na buti, anyooshe mkono kutoka nje tu, na gari la kunyonya liwe limepunguza kimo siku iliyotangulia.

Bomba la zamani ling'oe. Sehemu isiyong'oka ioshe, ijaze mchanga wa saruji na kuziba ncha zote, kwa sababu bomba tupu chini ya nyumba ni barabara ya panya. Chemba ya zamani iliyo ndani ya eneo la chumba: isafishe, mwaga chokaa, vunja kuta hadi chini ya kimo cha msingi, jaza udongo kwa tabaka huku ukishindilia. Mwashi aambiwe mahali ilipokuwa. Hapo msingi unaweza kuhitaji nondo za ziada.

Limebaki bomba la hewa. Lililokuwa likitokea ukutani sasa huenda liko chini ya dirisha la chumba kipya. Lipandishe lipite paa, lenye wavu juu kuzuia mbu, na lisikae karibu na dirisha lolote. Ukilikata ukasahau kulirudisha, dalili utazijua: flashi ikivutwa, maji ya trapu ya bafu hugugumia na kunyonywa, na jioni harufu inaingia sebuleni.

Sasa mwite mwashi aje kuchimba msingi, na mkabidhi ile picha ya mtaro kabla hajainua sululu.